Sura ya Saba: Likasi kwa Kipimo cha 1/35

Chukua mtu mzima mwenye kimo cha mita 1.75, umgawe kwa 35. Unabaki na mtu wa sentimita 5, anayeweza kusimama na bunduki yake juu ya kifuniko cha chupa ya soda. Chukua gari la deraya la Kimarekani aina ya M8, lenye urefu wa mita 5 hivi. Linakuwa sentimita 14, nawe unalibeba kiganjani. Sasa chukua kilomita moja ya barabara ya vumbi. Hata ukiigawa kwa 35 itadai mita 28 na nusu, na sebule ya urefu huo utaitafuta mji mzima.

Hapo ndipo anayetengeneza na kukusanya sanamu ndogo za kijeshi anapokutana na swali lake la kwanza: kipi kiingie mezani, kipi kibaki nje? Gundi haijibu swali hilo, wala brashi. Katika sura zilizopita tulijifunza kukata plastiki, kubandika, kupaka rangi ya msingi na kufifisha mikwaruzo. Katika sura hii tutafanya kazi moja tu: kuuweka mezani mji wa Likasi, ulioko Katanga nchini Kongo, wakati ule ulipoitwa Jadotville, katika siku tano za Septemba 1961.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu wapenzi wa sanamu ndogo wa Ulaya na Marekani wanaulizia sana mavazi na magari ya vita vilivyopiganwa humo, hasa tangu filamu ya mwongozaji Richie Smyth kuhusu kuzingirwa kwa Jadotville ilipotoka mwaka 2016. Nimeuchagua pia kwa sababu wenyeji wa mji huo, wanaozungumza Kiswahili mitaani Kikula, Panda na Shituru, ndio wanaokosekana zaidi kwenye meza hizo.

Jeshi la kale la mezani

Kabla hatujafungua boksi, tujue ufundi huu umetoka wapi. Watu wengi hudhani ulizaliwa Ulaya. Lakini katika kaburi la Mesehti, mtawala wa Asyut huko Misri aliyeishi takriban miaka 4,000 iliyopita, yalikutwa makundi mawili ya sanamu ndogo za mbao: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na wapiga mishale 40 wa Nubia. Fundi aliyewachonga hakuwafanya kama matofali. Vimo vyao vinatofautiana, ngao zina madoadoa mbalimbali ya ngozi ya ng'ombe, na Wanubia wamepakwa rangi ya mwili iliyokolea kuliko Wamisri. Sanamu hizo zilihifadhiwa katika makumbusho ya Cairo, na mtengenezaji yeyote wa leo akiziona atamtambua mwenzake.

Baadaye Wajerumani wa Nuremberg walimimina askari bapa wa bati. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, wenye kimo cha milimita 54. Madini yaliyotumika yalikuwa machache, bei ikashuka, na watoto wa kawaida wakaweza kununua kikosi. Winston Churchill aliandika kwamba utotoni alikuwa na askari wa kuchezea karibu 1,500, na kwamba ndio waliompeleka jeshini. Mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kuwachezesha mwaka 1913. Kama utapata askari wa risasi wa zamani, mweke kabatini na unawe mikono, kwa maana risasi ni sumu, na mtoto asiitie kinywani kamwe.

Kipimo cha 1/35 tunachotumia kilitoka Shizuoka, Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ilitaka kutoa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther chenye mota ndani yake. Wahandisi walipanga ukubwa wa bodi ili mota na betri vienee. Walipokuja kupima, wakaona wamefika karibu na 1/35. Kifaru kile kikauzwa vizuri sana, viwanda vingine vikafuata, na leo ukisema kipimo cha magari ya kijeshi, watu wanafikiria 1/35 kwanza. Betri ndizo zilizochagua ukubwa wa askari wetu.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na njia yake ya kuliiga jeshi. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya, ilikuwa na vyeo, sare na gwaride. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilisafiri na askari na vibarua hadi Katanga. Watu wale walilitazama jeshi la mkoloni kwa makini, wakalipima, wakalitengeneza upya kwa miili yao. Kuona kitu kikubwa na kukirudia kwa mizani yako mwenyewe si jambo geni kwetu.

Siku tano za Septemba

Katanga ilitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, chini ya Moïse Tshombe. Serikali yake iliishi kwa shaba, na shaba ilichimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Jadotville lilikuwa jina lililotokana na Jean Jadot, mkuu wa Société Générale ya Ubelgiji, kampuni mama ya Union Minière. Mji wenyewe ulikuwa na viwanda vya Shituru na Panda, na si mbali nao kulikuwa na mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka urani ya bomu la Hiroshima. Anayetengeneza meza ya Jadotville akumbuke hivyo: pigano lile lilikuwa juu ya mji wa madini.

Mwanzoni mwa Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulipeleka huko kikosi A cha batalioni ya 35 ya Ireland, watu zaidi ya 150 chini ya Kamanda Pat Quinlan. Walitumwa kuwalinda walowezi wa Kizungu, lakini wengi wa walowezi hao walikuwa upande wa Tshombe na hawakuwataka. Quinlan aliona hatari, akaamuru mahandaki yachimbwe.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, siku ile ile operesheni ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa Morthor ilipoanza Elisabethville, mji mkuu wa Katanga (leo Lubumbashi), jandarma, yaani askari wa Katanga, wakiwa pamoja na mamluki wa Kizungu walishambulia. Wengi wa Waireland walikuwa kwenye misa. Mapigano yakaendelea hadi tarehe 17. Msafara wa kuwaokoa ulijaribu mara mbili kuvuka daraja la mto Lufira ukashindwa. Helikopta moja ilifanikiwa kutua na maji, lakini makopo yale yalikuwa yamebeba petroli kabla, maji hayakunyweka. Risasi zilipokwisha na koo zikakauka, Quinlan alisalimu amri. Usiku ule ule wa tarehe 17 kuamkia 18, ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa njiani kukutana na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola.

Waireland watano walijeruhiwa, hakufa hata mmoja. Upande wa Katanga, makadirio yanayotajwa sana ni watu wapatao 300 waliokufa. Quinlan alifariki mwaka 1997. Jeshi lake lilichelewa miaka 55 kukipa kikosi kile heshima rasmi, mwaka 2016. Umoja wa Mataifa wenyewe uliingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963, askari wa India wa Brigedia Reginald Noronha walipovuka Lufira, na mwezi huo huo kujitenga kukaisha. Mwaka 1966 mji ukaitwa Likasi.

Magari na ndege

Habari ya kwanza itamsikitisha mpenzi wa vifaru: katika pigano lile hakikuwapo kifaru hata kimoja. Wengi huanza meza yao kwa kutafuta kifaru kwa sababu ndicho kitu walichokizoea. Ukikitia, umeshaharibu kazi kabla ya kufungua gundi.

Jandarma walikuwa na magari ya deraya ya M8 yaliyorithiwa kutoka Force Publique, jeshi la kikoloni la Ubelgiji. Hili lina matairi sita, mnara ulio wazi juu na mzinga mdogo wa milimita 37. Tamiya na Italeri zote zimelitoa kwa 1/35, kwa hiyo linapatikana. Ndani ya boksi utakuta alama za jeshi la Marekani la mwaka 1944. Usizibandike. Gari lililokaa Kongo miaka mingi limeshapakwa upya, limekwaruzwa na matawi, na vumbi jekundu limeingia kwenye kila kona ya bawaba.

Katanga pia ilikuwa na malori yaliyovishwa mabamba ya chuma karakanani, na kwa fundi hiyo ndiyo kazi tamu kuliko zote. Hakuna boksi litakalokupa lori hilo. Utachukua lori la kawaida, utakata karatasi za plastiki za nusu milimita, utaziunganisha kwa pembe ambazo si sawa sana, na utapitisha ncha ya kisu cha moto kwenye viungio ili ionekane ilichomelewa. Usilifanye nadhifu. Waliolitengeneza walikuwa mafundi wa mgodi wenye ujuzi mkubwa wa chuma, lakini walifanya kwa haraka ya vita.

Waireland walikuwa na magari mawili ya Ford, yaliyojengwa kwao wakati wa Vita Kuu ya Pili juu ya chasisi ya lori, yenye mnara na rashasha ya Vickers. Ni gari la pembe nyingi na mabamba yaliyonyooka, jambo linalomrahisishia kazi anayelijenga mwenyewe. Lipake nyeupe ya Umoja wa Mataifa ikiwa tu umeona picha yake ikiwa nyeupe. Hiyo ndiyo kanuni ya sura hii nzima: picha kwanza, rangi baadaye.

Halafu kuna ndege. Katanga ilipata ndege tatu za Kifaransa aina ya Fouga Magister mapema mwaka 1961, na ilipofika Septemba ni moja tu iliyokuwa ikiruka. Ndege hiyo moja, iliyobuniwa kufundishia marubani, ilitawala anga kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuizuia. Iliwashambulia Waireland kwa mabomu na risasi. Heller ya Ufaransa iliitoa kwa kipimo cha 1/72, urefu wa sentimita 14 tu. Mkia wake una mapanga mawili yaliyoinama kama herufi V. Hata ukiwa mdogo kiasi hicho, umbo hilo halifanani na lingine.

Usiiweke ndege ya 1/72 juu ya watu wa 1/35. Jicho litakasirika. Itundike peke yake, ukutani nyuma ya meza, mbali, kama inavyoonekana ndege inayokuja.

Udongo wa Septemba

Meza nyingi nilizoziona zinafeli hapa. Mtengenezaji wa mbali akisikia Kongo anapaka msitu: kijani kibichi, mizizi, ukungu, migomba. Huo ni msitu wa Ikweta, mbali kaskazini. Likasi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, katika nchi ya miombo.

Fikiria Septemba yenyewe. Mvua ilikatika tangu Aprili au Mei. Nyasi zimekauka, nyingine zimechomwa moto na kuacha mabaka meusi. Udongo ni mwekundu kama kutu. Lakini miti ya miombo haingojei mvua. Huchipua mapema, na majani yake machanga hutoka yakiwa mekundu na ya rangi ya shaba kabla hayajageuka kijani. Kwa hiyo rangi za Jadotville ni hizi: nyekundu ya udongo, manjano ya nyasi, nyeusi ya moto, na mti mmoja au miwili yenye majani ya shaba mpya. Ukiipata hiyo, mtu wa Katanga atajua mahali hata kabla hajaona askari.

Jambo la pili ni kichuguu. Katanga ina vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, vyenye miti inayoota juu yake. Kichuguu cha mita 5 kwa 1/35 kinakuwa sentimita 14, sawa na urefu wa M8 yako. Kitengeneze kwa povu gumu, kifunike kwa gundi na udongo uliochekechwa, kisha upande vijiti vya mizizi mikavu kileleni. Kwa askari, kichuguu ni ngome, na kwa mpanga meza kinaficha ukingo wa dunia, ili mtazamaji asijue meza inaishia wapi.

Udongo wenyewe usiununue. Ukiwa Likasi, chota mkononi nyuma ya nyumba. Uoshe, uukaushe juani, uupitishe kwenye chujio la chai. Chembe zake zinalingana na kipimo kuliko unga wowote wa dukani, na rangi imeshapatikana.

Sare, ngozi na uso

Sasa tufike kwa watu. Kwa Waireland, kosa la kawaida ni mwaka. Wale wa kwanza waliofika Kongo Julai 1960 walivaa sare nzito za sufu zilizoshonwa kwa baridi ya kwao, wakateseka. Batalioni ya 35 ilikuja mwaka uliofuata ikiwa na nguo nyepesi. Ukimvika Quinlan sufu, umemrudisha nyuma mwaka mzima. Helmeti ni za buluu ya Umoja wa Mataifa, lakini kumbuka jasho na vumbi: buluu ya Septemba si buluu ya bendera mpya.

Jandarma wa Katanga ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike sura hii. Boksi za askari wa 1/35 huja kwa wingi na nyuso za Kizungu. Mtu akitaka Mwafrika, anachukua uso ule na kuupaka kahawia. Matokeo yake si Mkatanga. Ni Mjerumani aliyepakwa rangi. Kwa hiyo lazima uchonge. Chukua udongo wa epoksi, kiasi cha punje ya mchele. Jenga upya pua, midomo, mfupa wa shavu, mstari wa nywele. Weka kioo mbele yako. Kama huna kioo, tazama ndugu yako aliyekaa mlangoni. Fanya nyuso tano tofauti kabla ya kupaka hata moja, kama alivyofanya yule fundi wa Asyut.

Kuhusu rangi ya ngozi, sikiliza vizuri. Usianze na nyeusi. Nyeusi humeza kivuli, na uso wote unakuwa shimo. Anza na kahawia iliyokolea yenye tone la nyekundu. Vivuli vya chini ya kidevu na ndani ya macho vitiwe zambarau kidogo. Mwanga wa paji la uso, daraja la pua na mashavu usiupandishe kwa nyeupe. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia huleta majivu, na mtu wako ataonekana mgonjwa. Pandisha kwa rangi ya udongo wa manjano, au machungwa yaliyopoa. Viganja na midomo ya chini vina wekundu wao. Ukimaliza, weka tone dogo la vanishi inayong'aa kwenye jicho na kwenye mdomo wa chini. Mtu wa sentimita 5 ataanza kukutazama.

Kwenye beji zake kutakuwa na misalaba midogo ya shaba. Hiyo ndiyo alama iliyowekwa katika bendera ya Katanga, misalaba mitatu. Inatokana na vipande vya shaba vilivyomiminwa kwa umbo la msalaba na wafua shaba wa eneo hili kwa karne nyingi kabla ya Wabelgiji, vikatumika kama fedha na kama mahari. Ukiichora beji hiyo unaandika jina la kazi ya mababu. Tumia brashi nyembamba kuliko zote ulizonazo, na uvute pumzi kabla.

Tarbushi nyekundu

Mpenzi anayetaka kitu kizuri zaidi ya jandarma wa 1961 hurudi nyuma, kwa askari wa Force Publique mwenye tarbushi nyekundu na sare ya buluu. Ni sanamu ya kupendeza, na ina historia nzito. Askari hao waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wakiwa na wapagazi wasiohesabika. Mwaka 1941, wakiwa wameshahamia kaki, walipanda nyanda za juu za Ethiopia, na tarehe 3 Julai Jenerali Pietro Gazzera wa Italia akasalimu amri kwa Jenerali Auguste Gilliaert pale Saio. Wakongomani walilishinda jeshi la Ulaya. Yafaa wapewe meza yao.

Lakini mwaka ule ule wa 1941, miezi mitano tu baada ya Saio, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara. Mgomo ulishika Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari wa Force Publique waliwapiga risasi wagomaji. Makumi ya watu walikufa. Sare iliyoshinda Saio ndiyo iliyofyatua uwanjani.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alilijua hilo. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya Zaire kwa picha zipatazo mia moja, akaisimulia kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanazuoni Johannes Fabian. Wachoraji wa kizazi chake walirudia mara kwa mara picha ya Koloni la Wabelgiji, ambapo askari mwenye tarbushi anamchapa mfungwa aliyelazwa chini huku Mzungu akitazama. Picha hizo zilitundikwa sebuleni mwa watu wa kawaida wa Lubumbashi na Likasi. Wao walijua tarbushi ile ni nzuri, na walijua mkono wake ulifanya nini.

Kwa hiyo sikuambii usiitengeneze. Itengeneze kwa uangalifu wako wote, nyuzi za tarbushi moja moja. Lakini ukiweka Saio kwenye kabati, weka na uwanja wa Desemba karibu yake. Anayetengeneza ushindi peke yake ametengeneza nusu ya mtu.

Walioko nje ya meza

Sasa rudi kwenye meza yako ya Jadotville. Handaki liko tayari, kichuguu kimekauka, M8 imejaa vumbi, Fouga inaning'inia. Mwite mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni iliyochukua mahali pa Union Minière, umwonyeshe. Ataitazama kwa muda. Kisha atauliza jambo ambalo hukulifikiria: basoda (askari) nawaona, watu wa kazi wako wapi?

Ana haki ya kuuliza. Tarehe 13 Septemba 1961 Jadotville haikuwa uwanja mtupu. Ulikuwa mji wenye kambi za wafanyakazi, wake zao, watoto, masoko, shule za mapadri. Kulikuwa na waliomuunga mkono Tshombe kwa moyo, na kulikuwa na wengine waliomwogopa. Mjini Elisabethville, wiki hizo hizo, maelfu ya Waluba walikuwa wamekimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Katanga haikuwa sauti moja. Meza yenye bunduki tu inasema uongo kwa kunyamaza.

Kwa hiyo weka mama mmoja mwenye kikapu kando ya barabara, amegeuza shingo kutazama juu, ndege inapopita. Weka mfanyakazi wa zamu ya usiku, nguo za kazi zimekolea vumbi la madini, anayerudi nyumbani na kukuta njia imefungwa. Weka baiskeli iliyoangushwa. Hakuna boksi linalouza watu hao. Utawachonga mwenyewe, na hao ndio watakaoifanya meza yako kuwa Likasi.

Vifaa unavyo. Mtoto wa Kikula anayekunja waya kuwa mutuka, yaani gari, akaifungia magurudumu ya vifuniko na usukani mrefu wa kuisukumia, tayari anajua nusu ya sura hii. Anajua mhimili, uwiano na mzunguko. Waya wa shaba uliotoka kwenye mota mbovu, uliosafishwa vizuri, ndio bora kwa kujengea mifupa ya mwili kabla ya kuweka udongo wa epoksi: hukunjika bila kukatika na haupati kutu. Mabati ya makopo yanatoa milango na mabamba ya lori la vita. Vipande vidogo vya malakiti vinavyobaki kwa wachongaji vinafaa kuwa mawe ya kijani kando ya reli ya mgodi. Kinachohitajika zaidi ni macho, mkono uliotulia na subira.

Na mwisho, kibao. Kila meza nzuri ina kibao kidogo mbele chenye mahali na tarehe. Karibu zote huandika Jadotville, Septemba 1961, na kuishia hapo. Wewe andika majina yote mawili, Jadotville na Likasi, kwa herufi za ukubwa mmoja. Kisha peleka meza hiyo shuleni, kwenye ukumbi wa parokia, popote palipo na watoto na mwanga wa kutosha, na uwaache wainame waitazame kwa karibu. Atakayeona uso unaofanana na wa babu yake kati ya watu wale wa sentimita 5, mpe brashi.